Tundu la Koa

Shangazi Gwenllian hakuutazama uyoga kwa macho mawili.
Alifumba la kushoto, akalaza shavu
juu ya majani ya mwaloni yaliyooza,
sketi imelowa hadi magotini,
nami, mtoto wa miaka tisa, nimemshikia mwavuli
na kibati cha rangi, mkono umekufa ganzi.

"Chelewa," alininong'oneza, "utakuta si uyoga tena."
Kweli. Ule mweupe, wenye kofia ya kengele,
adhuhuri haikuukuta: uliyeyuka ukawa wino,
naye akaukinga kwa kijiko cha chai
akauandikia jina lake wenyewe,
kwa Kiwelisi, kisha Kilatini.
Kiingereza alikiachia posta.

Nyumbani mkate uliungua.
Emrys, mumewe, alirudi toka machimbo ya mawe
na vumbi kifuani, na deni.
Akishalala, shangazi aliandika kwa mshumaa
visa vya kunguru wema na watoto watiifu.
"Hadithi za unga," aliziita,
maana ndizo zilizonunua unga.
Kukicha, alirudi msituni Cwm Hesgen
kwenye mambo yasiyofundisha adabu.

Miaka kumi na minne. Michoro mia mbili na sita.
Kitabu kikatoka Bristol kwa jina G. Prosser,
na barua zikaanza: "Bwana Mheshimiwa."
Alizitia jikoni, moto ukashika vizuri,
isipokuwa moja, iliyomwalika Bwana
akahutubie wasomi wa chuo.
Hiyo aliijibu:
"Bwana amekwenda kukamua mbuzi."

Mchoro wa sabini na tatu haukumpendeza mchapishaji.
Kofia nyekundu kama joho la jaji,
na ubavuni, tundu.
*Ziba,* aliagiza. *Mteja analipia uyoga mzima.*
Shangazi alirudisha karatasi ileile
na mstari mmoja mgongoni:
*Koa alifika kabla yangu.*

Jicho la kulia lilikufa kwanza, lile la kazi.
Akafumbua la kushoto, lililopumzika maisha yake yote,
akasema dunia imehamia upande kidogo,
akaomba brashi.

Leo nimekifungua kitabu, kinanuka unyevu.
Sabini na tatu.
Nimepitisha kidole juu ya tundu,
nikitarajia kitatumbukia.
Karatasi ni nzima.