Wa Kwanza na wa Pili

Marlys, mchezo wa pili nimeumaliza jana.
Mzuri kwa macho, sikatai:
jangwa pana, jua linametameta
hadi kwenye vioo vya magari yaliyoungua,
na nyuma ya kila mlango kuna bunduki.
Mlinda kisima nimemsalimu mara tisa.
Jibu lile lile.

Ule wa kwanza, unakumbuka,
ulikuwa na rangi ya matope na maji ya kupimiwa;
uliiba kopo moja la maharage
mji mzima ukatununia hadi mwisho.

Hapa Tonopah moteli imefungwa, mgodi nao.
Muuza petroli bado ananiuliza habari zako.

Pale ulipohifadhi sijapafuta:
umesimama kisimani, ndoo mkononi,
kiu asilimia arobaini.

Sibonyezi kitu.