Kielelezo Namba Sita

Hati ya baba ya kuachiwa jeshi,
kisanduku cha kumi na mbili, herufi a,
inasema aliingia kazini tarehe ishirini Februari.
Mimi nimezaliwa tarehe mbili.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza:
mama alipokuwa leba pale Minot,
baba, kwa mujibu wa serikali, alikuwa nyumbani,
raia wa kawaida, koleo mkononi,
anazoa theluji mlangoni.

Muulize mama.
Atakwambia theluji ile aliizoa mwenyewe,
tumbo limetangulia, yeye anafuata,
mpaka jirani, Bwana Tollefson, akatoka bila kofia
kumnyang'anya koleo.
Miaka thelathini na nne
hajapunguza hadithi hiyo hata neno.

Baba aliitwa tarehe kumi na nne Januari.
Askari wa akiba: mwezi mzima fundi wa matrekta,
wikendi moja mwanajeshi.
Simu ililia, viazi vingali vya moto.
Kati ya simu ile na tarehe ya hati
kuna siku thelathini na saba,
zimepukutika kwenye vidole vya karani
aliyekuwa na baridi, au na njaa,
au na taipureta yenye utepe uliochakaa.
Simlaumu sana.
Hata mimi huandika mwaka uliopita mpaka Machi.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Sawa. Lakini hawakusema ufanyeje
daftari lenyewe likiwa ndilo mwizi.

Baba hakujali. Hati ilikaa darini
chini ya taa za Krismasi.
Kisha mapafu yakaanza kukoroma mchana,
kama pampu iliyovuta mchanga,
na ofisi ya matibabu ikamrudishia faili:
siku hazitoshi.
Akasema, "Basi, Signe, yaache."
Mimi nimeolewa na mhasibu. Sikuyaacha.

Tukashusha maboksi.
Kadi ya chanjo: sindano tatu, mkono wa kushoto,
tarehe kumi na nane Januari.
Hati ya mshahara, imeliwa na panya pembeni,
panya mwenye adabu, hakugusa tararakimu.
Risiti ya buti. Picha ya wanaume tisa mbele ya tangi la maji,
wote wamefumba macho isipokuwa baba.
Barua ya Sajini Quenneville, ana miaka themanini na moja,
mwandiko unatetemeka, maneno hayatetemeki:
*Brekke alikuwepo. Alilala kitanda cha juu yangu.
Nilitamani asingekuwepo, kwa alivyokoroma.*

Na chini kabisa, ndani ya Biblia ya Kinorwe
ambayo hakuna anayeisoma tena,
ujumbe uliopelekwa kambini, jina la kikosi juu,
muhuri, tarehe mbili Februari:
*Binti. Ratili saba. Wote wazima.*

Nikauandika kwenye orodha kwa wino mweusi.
Kielelezo namba sita ni mimi.

Miezi kumi na minne.
Bahasha ilikuja nyembamba, nikadhani ni kukataliwa.
Jeshi halifuti, kumbe. Linabandika.
Kosa linabaki palepale, safi, na sahihi yake,
na karatasi ya pili inaambatishwa nyuma
kusema ile ya kwanza isomwe tofauti.
Tarehe kumi na nne Januari.
Mstari mmoja. Nilitegemea angalau samahani.

Baba aliisoma mezani, lenzi mkononi,
mdomo ukihesabu.
Akavuta pumzi, ikakwama, ikapita.
"Kwa hiyo sasa ni rasmi," akasema,
"sikuwepo."

Mama alikuwa anamenya viazi.
Hakugeuka.
"Mimi," akasema, "sikuhitaji muhuri."

Baba akacheka mpaka akakohoa,
akakohoa mpaka nikamshika mgongo,
na mkono wake, bado unanuka grisi
miaka sita baada ya trekta la mwisho,
ukapapasa mezani kutafuta stepla.