Swali la Kumi na Tisa

Liège, Novemba. Natoa majalada kabatini,
miaka thelathini na mmoja ya hojaji,
na zile za kwanza bado zanukia mvuke wa pasi.

Nilianza na wanawake kumi na wanne
wa ushirika wa kupiga pasi, huko Seraing.
Mshahara? Saa? Mkataba? Nikatia alama,
nikajumlisha, nikagawa,
nikapanda cheo kwa wastani wao.

Kazi isiyohitaji ujuzi, niliandika.
Fernande Colson akanipa shati la hariri na pasi ya moto.
"Haya, mwalimu."
Nililiunguza ukosini.
Hakucheka. Mwenye shati alilipwa,
na aliyelipa ni Fernande;
nilikuja kujua mwaka uliofuata.

Hojaji yangu ilikuwa na maswali kumi na manane.
Aliyasoma yote, kidole kikiambaa na mistari,
kisha akasema: "Na kiti, je?
Kiwandani nilikotoka tulisimama zamu nzima.
Hapa kuna kiti.
Utakiandika wapi?"

Sikuwa na mahali.

Makala yangu yamenukuliwa Milano, Montréal,
hata mezani pa mawaziri.
Hulipenda jedwali la nne.
Hawaulizi kwa nini swali la mwisho ni fupi hivyo:
Je, unaweza kuketi?

Ushirika ulifungwa ruzuku ilipokatwa.
Walikokwenda wale kumi na wanne, sina takwimu.

Kesho ataingia humu kijana anayenirithi.
Namwachia hojaji moja tupu,
na kwenye mgongo wa kiti,
shati lenye doa la kahawia ukosini.