Hesabu ya Maganda

Saa kumi na mbili kasoro, soko la Majengo
linafagiliwa kuelekea kwangu:
majani ya kabeji, nyanya zilizolalia ubavu mmoja hadi zikalainika,
maganda ya ndizi, embe lililoliwa nusu likaghairiwa.
Wachuuzi wananiita Damari wa Jalala.
Naitika. Jina halichubui.
Guta likijaa tunapandisha kwenda Nzuguni,
nzi wakitusindikiza kama tuna harusi.

Mwaka wa kwanza niliharakisha.
Nilikuwa na kitalu nyumba cha mkopo,
nailoni nyeupe juu ya miti ya mkaratusi,
na deni la kikundi lililozijua tarehe kuliko mimi.
Nikafukua lundo likiwa bado linafuka,
nikaipa miche chakula kilicho jikoni.
Kufikia Ijumaa miche mia mbili na arobaini
ilikuwa imeungua shingo.
Shemeji Ndahani akasimama mlangoni,
kofia mkononi kama yuko msibani:
"Takataka ni takataka, shemeji.
Nunua ya mfuko, yenye maandishi."
Nikamwambia, hata ugali una kuiva kwake.
Usiku nililia, lakini hilo sikumwambia.

Basi subira nikajifunza kwa mkono.
Tabaka la maganda, tabaka la mabua ya uwele,
samadi ya mbuzi wa Mama Peresi, jivu kiasi,
na makapi ya zabibu kutoka kwa mkamua mvinyo wa Hombolo,
mekundu, yananukia kama kanisa baada ya ushirika.
Maji ni yale ya kuoshea vyombo,
maana bomba letu hutoka Jumanne na Alhamisi,
likitaka.
Kila siku ya saba nageuza kwa uma,
kisha nazamisha mkono hadi kiwiko:
wiki ya pili lina homa, ya kumpeleka mtoto zahanati;
wiki ya tano, vuguvugu la kitanda kilichoachwa sasa hivi;
wiki ya kumi limepoa, jeusi, lanukia mvua,
na mvua yenyewe, Dodoma hii,
hatujaiona tangu Aprili.

Kuna visivyooza.
Kandambili ya mguu wa kushoto, kitana,
kijiko kilichopinda, mkono wa mwanasesere.
Navitundika kwenye waya juu ya mlango.
Upepo wa Agosti ukija na vumbi lake
vinagongana, na ndege wanasita.
Mimi hupita chini yake nimeinama kidogo,
kama mtu anayepita mbele ya watu
waliokataa kusamehe.

Nje udongo mwekundu umepasuka midomo.
Ndani nyanya zimepanda kamba hadi darini,
hoho zinaning'inia kimya
kama kengele za ng'ombe waliolala.

Jumamosi nimerudi Majengo, safari hii kama muuzaji.
Mama mmoja mwenye kilemba cha njano
akaibonyeza nyanya yangu, akainusa, akaibonyeza tena.
"Hii umeitia nini, dada?"
Nikamtazama vizuri. Namfahamu.
Mwezi wa tatu alinimwagia tenga zima la nyanya mbovu
kwenye guta, bila hata salamu.
"Nimeitia zako," nikasema.
Akacheka, akidhani namficha siri.
Akachukua matenga mawili, akaomba apunguziwe.
Sikupunguza.

Deni bado lipo. Nailoni imechanika upande wa mashariki,
nimeishona kwa uzi wa viroba,
na tundu moja linanishinda: jua huingia pale
likachagua mche mmoja wa kuutesa.

Jana jioni Ndahani alipita na ndoo.
Maganda ya viazi, majivu, na majani ya chai yaliyochujwa.
Akaitua kando ya lundo
akajifanya anatazama mbingu kama kuna wingu.
Nami nikatazama, nikajifanya naliona.
Aliondoka bila kuichukua.
Kesho nitamrudishia ndoo yake.
Ikiwa na nini ndani,
sijaamua.