Bangili za Dakika ya Kumi na Saba

Kanda ilikuja ndani ya mfuko wa sembe,
ina ukungu pembeni, imeandikwa kwa wino uliofifia:
Arusi, Magomeni Mapipa, Agosti 1993.
Bi Siwema aliiweka kaunta kama mtu anayeweka yai.
"Nataka imfikie Pazi, Maskati. Leo. Kwenye simu."

Nikaifuta, nikaicheza, Mtaa wa Aggrey ukiunguruma kwa majenereta,
utepe ukageuka faili: giga kumi na moja.
Bando lake lilikuwa la elfu moja.

"Basi ibane."
Kisha akasita. "Mtabana nini, mwanangu? Hao ni watu."

Nikamweleza.

Kuna kubana kwa kukunja.
Kanga ukiikunja mara nane inaingia kwenye pochi;
ukiikunjua, pindo lipo, mji upo,
na jina halijapoteza hata herufi.
Marehemu baba, karani wa bandarini,
aliandika mbali2, pole2, haraka2:
wino nusu, maneno yaleyale.
Mashine nayo ni karani.
Ikikuta weusi, weusi, weusi, weusi,
inaandika: weusi, mia. Inageuza ukurasa.

Lakini kukunja hakujatosha kufika Maskati.

Kuna kubana kwa kukamua.
Tui linakwenda jikoni, machicha wanayajua kuku,
na sijaona bado
tui na machicha vikirudi kuwa nazi.

Tazama ukuta ule wa chokaa, nyuma ya bibi arusi.
Picha ishirini na tano kila sekunde,
na ukuta haujakonyeza hata mara moja.
Niuchore mara ishirini na tano, kwa nini?
Nauchora mara moja, kisha nasema: vilevile,
vilevile,
vilevile, ila mkono wa shangazi umesogea vidole viwili kushoto.
Arusi nzima ni habari ya vilivyosogea.
Waliotulia mkekani wanabebwa na picha iliyotangulia.

Na sikio, Bi Siwema, ni hakimu mvivu.
Ngoma ikilia, halisikii kinachonong'ona kando yake.
Basi mashine inausimamisha kila mnong'ono mlangoni:
ukikosekana, nani atajua?
Asipopatikana mtu, inaufuta.

Mega tisini. Ikaenda.

Aliomba hedifoni, aonje tu.
Dakika ya kumi na saba akainua kidole.
"Hapa mama anawanawisha wageni.
Bangili zake ziko wapi?"

Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Kwenye kanda zilikuwepo, nyembamba, chini ya mdundiko,
kama sarafu zinazohesabiwa chumba cha pili.
Kwenye faili palikuwa na mdundiko tu,
umenenepa, umekaa mpaka kwenye kiti chao.

Nikasema nitabana upya, kwa huruma kidogo:
itakuwa mega mia sita.
Akafungua fundo la kanga, akahesabu,
akahesabu tena kana kwamba noti huzaana.

Simu ikalia. Akaweka sauti ya nje.

"Dada! Nimeiona! Ukuta ule! Shangazi Havijawa na mikono yake!
Na mama, dada, anavyomwaga maji,
bangili zake nimezisikia,
ile ya shaba iliyopinda, inavyokwaruza mdomo wa birika."

Bi Siwema akanitazama.
Mimi nikatazama skrini, mstari wa sauti pale pale,
nikaukuza mpaka ukawa milima.
Hazimo.
Nilizifuta mwenyewe, saa nane na robo mchana.
Na hiyo ya shaba iliyopinda
sikujua hata kama ilikuwepo.

"Eeh," akamjibu nduguye, "hiyo hiyo."

Akanilipa elfu tano, hakuomba chenji.
Kanda ikarudi kwenye mfuko wa sembe,
naye akavuka kuelekea Msimbazi,
mkono mmoja juu ya mfuko
majenereta yote yakinguruma.