Kiwe Kichachu

Mara ya kwanza niliisoma orodha yote
kama ninavyosoma hati za shehena kule Shimanzi:
juu hadi chini, kidole kikifuata mstari,
nikitafuta kosa.
Majina yalikuwa ya watu wasionijua.
Moja lilitaja machweo, jingine bibi arusi,
na hakuna hata moja lililosema
ndani mna nini.

Nikaagiza maji.
Baridi? Si baridi.
Mbeyu wa kaunta akayaleta na kipande cha ndimu
ambacho sikukiomba,
akanitazama jinsi fundi cherehani anavyomtazama mtu
aliyeingia dukani na kitambaa,
akabaki amekikumbatia tu.

Wiki iliyofuata nikasema, "Nipe dawa,"
maana neno hilo nalijua.
Akauliza, "Unaumwa wapi?"
Mwanamume wa kiti cha tatu alicheka hadi akapaliwa.

Nilitaka kumjibu.
Naumwa hapa, kati ya miaka yangu arobaini na mmoja
na mama aliyetuapisha juu ya Biblia, mimi na Mkawasi,
usiku walipomleta baba kwa mkokoteni kutoka kilabuni,
kiatu kimoja mguuni,
kingine mkononi mwa jirani.
Nikasema, "Koo tu."

Akaponda ndimu na sukari chini ya bilauri,
barafu juu, vodka kwa kipimo cha shaba
(nilihesabu: kimoja)
na kijiti kilichoviringishwa asali.
"Koroga mwenyewe. Utamu ni shauri lako."
Nikakoroga, mizunguko miwili,
nikaonja kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwe.
Kumbe iliyotangulia ni ndimu,
ile ile ya achari,
ile ile ya kikohozi cha utotoni;
kisha baridi; kisha moto mdogo
ukashuka, ukakaa,
pasipo kuvunja kitu.

Bilauri moja, dakika arobaini.
Nilipofika mlangoni Mikindani
nilitazama chini kwanza:
viatu viwili, miguu miwili.

Nimekosea pia.
Kile cha buluu chenye kimwavuli
kilikuwa kitamu hadi meno yakalalamika.
Nikakimaliza kwa ajili ya shilingi mia tisa.
Jini na toniki: jina lenyewe
lilinifanya niangalie mlango, asije akaitika.
Ndani yake nikakuta kwinini ya darasa la nne,
mama ameniziba pua, kijiko kinakuja.
Sikukimaliza. Hiyo nayo niliandika daftarini:
unaruhusiwa kuacha.

Mpaka Mbeyu akachoka na daftari.
"Dada, achana na majina.
Niambie ulimi wako unataka nini."
Feni ilizunguka. Nje, upande wa Tudor,
mtu alikuwa akiita mteja wa mahindi.
Ulimi wangu unataka nini?
Nimeulizwa namba ya kitambulisho,
jina la mume, namba ya kontena,
hilo sijawahi.

"Kiwe kichachu," nikasema. "Kisiwe kitamu sana.
Kipimo kimoja. Na barafu isinizamishe."
Akatoa ukwaju wa Makadara, ameuloweka tangu asubuhi,
akapaka ukingo wa bilauri chumvi na pilipili
kama embe bichi nje ya lango la shule,
na mate yakanitoka kabla sijagusa.
Hakikuwa na jina. Bado hakina.
Nikifika husema tu, "Kile,"
na siku nyingine, "Kile, bila moto,"
naye hukitikisa kwa bidii ile ile.

Jumamosi iliyopita Mkawasi alishuka kutoka Wundanyi.
Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani,
kidole kwenye orodha, juu hadi chini.
Akaomba maji.
Sikumwambia neno.
Aliivuta bilauri yangu, akainusa muda mrefu,
akasema, "Inanuka jikoni kwa mama,"
akairudisha kwa kidole kimoja, taratibu,
kisha, akidhani sioni,
akakilamba kile kidole.