Sekunde Kumi na Nne

Leipzig, majira ya baridi, ghorofa ya nne.
"Msipumue," alisema Bwana Wendelin,
akafunua lenzi, akaanza kuhesabu.

Babu mzaa babu, Ehrenfried, muuza vifungo,
shingo imebanwa na koleo la chuma nyuma ya kola.
Mkewe Adelgunde kakodoa macho kama anayedaiwa.
Watoto watatu wima, mishumaa isiyowashwa.

Na juu ya kigoda cha mahameli, yeye:
kijibwa cha pua bapa,
uso umekunjamana kama wa hakimu aliyelala vibaya,
mkia umejisokota kama sikio.
Walimwita Muskat, yaani kungumanga.

Sekunde ya tatu akakoroma.
Ya tano akapiga chafya.
Ya tisa akageuka kumtafuta Walburga, kitindamimba.
Hakuna aliyecheka. Picha ilikuwa ghali.

Leo nimeifuta vumbi kwa mkono wa sweta.
Wote wamenaswa, hata uzi wa kifungo,
wazi kama majina yaliyochongwa makaburini mwao.
Kungumanga peke yake ni ukungu:
vichwa viwili na nusu,
moshi juu ya mahameli.

"Pakate hapo," mama alisema, "pameharibika."

Sikati.
Chumba kizima kilizuia pumzi siku ile
na mmoja tu ndiye aliyepumua.

Hapana, subiri, nisogeze taa.
Vidole vya Walburga, vile vilivyoning'inia karibu na kigoda,
navyo vina ukungu kidogo.